Jaruba, kiroba au ndoo: bustani ya nyumbani kabla ya kaskazi

Vuli ikishakatika, mara nyingi ndani ya Disemba, upepo hugeuka na kaskazi huanza kuvuma. Kuanzia hapo mpaka masika yaingie katikati ya Machi, mboga ya nyumbani Unguja na Pemba inaishi kwa maji yanayobebwa kwa mkono. Ikifa Januari, kosa mara nyingi lilifanyika Oktoba, pale mwenye bustani alipoamua mizizi ikae wapi.

Watu wengi huendelea na lile lile tuta la masika, limeinuliwa shubiri moja juu ya njia. Tuta hilo limebuniwa kumwaga maji, na kaskazi linaendelea kuyamwaga: linakauka juu, linakaukia ubavuni, na upepo unalipiga pande zote. Ndiyo maana hatulihesabu hapa. Tunalinganisha njia tatu zinazotengenezeka wakati wa vuli kwa vitu vilivyopo mtaani. Ya kwanza ni jaruba, yaani kitanda cha mboga kilichozama chini ya njia kama jaruba dogo la mpunga. Ya pili ni kiroba kilichotobolewa ubavuni, na ya tatu ni ndoo.

## Pima haya kwanza

Maji ndiyo yanayotangulia, na kipimo chake kizuri ni dumu la lita 20, kwa sababu ndilo linalobebwa. Ukishapika, ukaoga na kufua, yanabaki madumu mangapi kwa bustani kila siku? Hesabu kwa siku mbaya, ile ambayo mfereji haukutoa kitu, usihesabu kwa siku nzuri. Maji ya kuoshea mchele na mboga yahesabu, na maji ya udhu pia ukiweka beseni chini ya mfereji. Maji ya sabuni ya unga yaache, yanaacha chumvi kwenye udongo.

Pili ni ardhi. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina hicho hicho, kisha mimina ndoo moja ya maji. Jembe likigonga jiwe kabla hujafika sentimita 20, uko kwenye maweni, na jibu lako umeshalipata. Maji yakipotea kabla hujarudisha ndoo ulikoitoa, una kichanga. Yakikaa nusu saa au zaidi, una udongo mzito, unaoshika maji lakini unaopasuka ukikauka.

Tatu, yaonje maji yenyewe. Visima vingi vya pwani, hasa mashariki na kusini ya Unguja, vina chumvichumvi. Maharage hayastahamili maji hayo, ilhali spinachi inayavumilia zaidi. Na kila njia kati ya hizi tatu inaishughulikia chumvi kwa namna yake.

Nne ni jua na upepo. Disemba na Januari jua la adhuhuri liko upande wa kusini ya utosi, halafu mwanzoni mwa Machi linapita juu ya kichwa kabisa. Linalounguza majani hasa ni la baada ya adhuhuri, kwa hiyo kivuli kinachofaa kuwekewa kazi ni cha magharibi. Upepo nao hutoka kaskazini-mashariki, na kwa nyumba ya ufukweni huja na chumvi ya bahari. Kiambaza cha makuti upande huo kinapunguza sana ukaukaji.

Baada ya hayo yanabaki gharama, nguvu ya mwanzo, mboga unayoitaka, na hali ya kitu chenyewe masika yakiingia.

## Jaruba

Kulitengeneza. Upana usizidi mita 1 ili mkono ufike kati bila kukanyaga. Urefu mita 3 unatosha kuanzia. Ondoa udongo wa juu wa sentimita 15 uuweke pembeni, kisha chimba sentimita 15 nyengine. Udongo huu wa chini ndio utakaojenga kingo. Kama ni kichanga, tandika makumbi chini, tumbo lake likitazama juu ili yakae kama vibakuli vya maji. Yaroweke kwanza siku mbili na umwage maji yake ya rangi ya chai, kwani yana chumvi na ukakasi unaodumaza miche. Juu ya makumbi rudisha ule udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza: ndoo 2 za lita 20 kwa kila mita ya mraba, yaani ndoo 6 kwa jaruba zima. Mbolea ya kuku ni kali. Nusu ndoo kwa mita ya mraba inatosha, na iwe imekaa si chini ya wiki sita. Ukimaliza, uso wa jaruba uwe chini ya njia kwa sentimita 8 hadi 10. Funika kwa matandazo ya sentimita 5 hadi 7, nyasi kavu au majani ya mgomba yaliyokatwakatwa, bila kugusa shina.

Maji. Hesabu lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku. Jaruba la mita 3 linakula lita 15, kwa hiyo dumu moja linalilisha na kubakisha lita 5 za kitalu. Ndani yake inaingia mistari miwili ya bamia, nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche, kama mashina 20. Kwenye kichanga gawa maji nusu baada ya alfajiri na nusu baada ya alaasiri. Kwenye udongo mzito wenye matandazo unaweza kumwagilia siku moja na kuruka moja, mradi siku ya kumwagilia utoe ya siku mbili.

Gharama na nguvu. Pesa ni kidogo, labda samadi tu. Nguvu ndiyo kubwa: kuchimba na kurudisha jaruba moja ni kazi ya asubuhi nzima kwa mtu mmoja, na lazima ifanyike udongo ukiwa na unyevu wa vuli. Ukisubiri Januari utachimba vumbi au tofali.

Mboga. Karibu zote za joto: bamia, mchicha, kunde, mtoriro, bilingani. Mizizi inashuka itakavyo, na hilo haliwezekani ndani ya kiroba wala ndoo.

Kinachoharibika. Kuku ndio wa kwanza. Matandazo mapya kwao ni karamu, na asubuhi moja inatosha kuyafikisha njiani. Laza fito au viboko vya makuti juu yake, au zungushia wavu. La pili halionekani upesi. Kichanga kilichokauka kabisa hukataa maji: unamwaga, yanakimbia juu ya mchanga kama shanga, uso unang'ara kwa unyevu, lakini ukichomeka kidole mpaka kifundo cha pili unakutana na vumbi kavu. Mche hunyauka huku mwenyewe anaapa kwamba amemwagilia. Dawa yake ni kumwaga kopo moja moja, usubiri linywewe, urudie mara tatu au nne, kisha usiache pakauke tena. Majani yakigeuka manjano mapema juu ya makumbi mapya, makumbi yanakula mbolea yakioza, ongeza samadi. Na bamia ikidumaa bila sababu, ing'oe utazame mizizi. Ukiona vinundu kama mbaazi, ni minyoo ya mizizi, inayopenda sana kichanga. Usiirudishe bamia wala tungule hapo msimu unaofuata.

Masika. Hapa jaruba linageuka dimbwi. Mwanzoni mwa Machi vunja kingo, pandisha udongo, na lirudishe kuwa tuta. Kwenye miteremko ya Pemba lichimbe kukingama mteremko, la sivyo mvua moja kubwa ya vuli italisomba kabla hata kaskazi hakujaingia.

Linamfaa mwenye uwanja wenye udongo wa kuchimbika, dumu moja au mawili kwa siku, na mtu mmoja wa kushika jembe Oktoba. Kwa chumvi ya kisima ndilo lenye kustahamili zaidi, kwa kuwa ukimwagilia kwa wingi mara chache chumvi hushuka chini ya mizizi. Mwenye kupanga chumba, ambaye huenda akahama Februari, afikiri mara mbili kabla ya kuchimba.

## Kiroba

Kukitengeneza. Kiroba cha mchele cha kilo 50 kinameza ndoo 3: udongo ndoo 2, samadi ndoo 1. Kama udongo ni mzito, nusu ndoo yake badilisha kwa mchanga wa machimbo, kamwe usiwe wa pwani. Kunja mdomo wa kiroba nje mara mbili ili usimame. Katikati simamisha kopo refu lisilo na kitako, lijaze vipande vya vifuu, jaza udongo pembeni, kisha vuta kopo juu na uendelee hivyo mpaka ufike mdomoni. Nguzo hiyo ya vifuu ndiyo mshipa wa maji. Wengi hutumia kokoto. Zinafaa, ila kokoto zetu za jiwe la matumbawe hupandisha chokaa kwenye udongo, na baadhi ya mboga hugeuka manjano baina ya mishipa ya jani. Toboa ubavuni matundu ya upana wa vidole viwili, mistari mitatu, sentimita 20 baina ya tundu na tundu, na tundu la mstari wa juu likae baina ya mawili ya chini.

Maji. Lita 6 kwa siku, kwa hiyo dumu moja linalisha viroba vitatu. Kila kimoja kina miche 18 ubavuni na minne au mitano juu. Kwa kuhesabu mashina, kiroba kinazishinda njia nyengine kwa mbali, lakini ni mashina madogo, ya kuchuma majani.

Gharama na nguvu. Kiroba kitupu hupatikana dukani kwa pesa ndogo. Udongo mzuri ndio shida ya watu wa maweni, maana lazima uletwe. Kujaza kimoja hakuzidi saa moja.

Mboga. Mchicha, mtoriro, spinachi, mnavu. Nanaa na mrehani hukaa vizuri juu. Bamia na bilingani usizitie ubavuni. Zinalemea, zinapasua tundu, na kiroba huinama upande mmoja.

Kinachoharibika. Uzi wa plastiki hauliwezi jua letu. Mwaka wa pili ukikishika kinachanika mkononi kama karatasi iliyolowa, kwa hiyo kihesabu cha kaskazi moja, na kama unataka kukiongezea umri kivishe kiroba cha pili nje. Tundu za chini hukauka kwanza au hulowa mno, ikitegemea mwendo wako wa kumwaga. Ukimwaga kwa pupa maji yanapita kwenye vifuu moja kwa moja hadi sakafuni. Mwaga lita 3 asubuhi, nusu katikati na nusu juu ya udongo, na lita 3 alaasiri. Tundu za upande wa magharibi huungua mchana. Ziache tupu, au panda mtoriro, ambao ukishika hufunika ubavu wenyewe. Kunguru nao hung'oa miche michanga kutoka matunduni, na wanaifuata hasa inapokuwa ndiyo majani pekee mabichi uani. Kipande cha wavu kwa siku 10 za mwanzo kinatosha.

Masika. Kinastahamili mvua, kwani maji yanatoka ubavuni. Kikichanika kimwage udongo wake kwenye tuta.

Kinamfaa mtu wa Makunduchi, Jambiani au Micheweni, ambaye jembe lake linagonga mwamba. Kinamfaa pia mwenye ua mwembamba anayekula majani zaidi kuliko matunda. Kikilowa kina uzito wa karibu kilo 100, kwa hiyo kijaze pale pale kitakapokaa. Na usikipandishe juu ya paa la nyumba kongwe.

## Ndoo

Kuitengeneza. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa vizuri. Hapa kuna uamuzi mdogo wenye athari kubwa. Ukitoboa kitako, matundu matano au sita ya sentimita 1, maji ya ziada yanatoka yote. Ukitoboa ubavuni, sentimita 5 juu ya kitako, na ukajaza vifuu chini, inabaki akiba ya maji ambayo mizizi huifuata siku ukichelewa. Kwa maji matamu toboa ubavuni. Kwa maji ya chumvichumvi toboa kitako tu, maana akiba ile itakusanya chumvi wiki baada ya wiki mpaka iunguze mizizi. Alama yake ni ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zilizokauka. Ukiuona, mwaga maji ya mvua au ya mfereji mpaka yatoke kwa wingi chini, urudie kesho yake.

Maji. Lita 2 hadi 2.5 kwa siku mmea ukishakua, kwa hiyo dumu moja linalisha ndoo nane. Ni bilingani nane, au bamia 16 ukitia mbili mbili. Kwa dumu lile lile jaruba limekupa bamia 20 zenye mizizi mirefu zaidi. Lakini ndoo ina jambo ambalo jaruba halina: unaihamisha.

Gharama na nguvu. Mafundi rangi huuza ndoo tupu. Ndiyo njia ya ghali zaidi kwa kila mmea, na ndiyo nyepesi zaidi kuanza, kwa kuwa unaweza kutengeneza moja leo na nyengine wiki ijayo.

Mboga. Bilingani, pilipili, bamia, na kotmiri kwenye ndoo zilizokatwa nusu. Tungule pia, kwa masharti yaliyo hapa chini.

Kinachoharibika. Joto la ukuta wa ndoo. Ndoo nyeusi kwenye jua la saa nane mchana huchemsha mizizi ya pembeni, na mmea hunyauka ilhali udongo umelowa. Ukiongeza maji unauozesha. Ipake chokaa nyeupe kwa nje, au zisogeze ndoo zikumbatiane ili zipeane kivuli, au zungushia makumbi. Ndoo pia huisha mbolea upesi, kwani kila unapomwagilia inachujwa. Ongeza makopo mawili ya samadi kila baada ya wiki tatu.

Masika. Ziinue juu ya matofali mawili ili matundu yasizibe.

Inamfaa mwenye roshani Michenzani, mwenye paa la sakafu Mji Mkongwe, na mpangaji. Ndoo iliyolowa ina kilo 25 hadi 30. Kwenye nyumba za boriti zipange kandokando ya kuta, usizikusanye katikati ya paa.

## Mboga zinazokataa kaskazi

Kuna mambo ambayo hata chombo kizuri hakiyatatui. Tungule hutoa maua tele Januari kisha yanapukutika yote, kwa sababu usiku ni wa joto mno na maua hayashiki. Mbegu za tungule zifaazo kupandwa kwa uhakika ni za Aprili na Mei, zikue kwenye kipupwe. Ukizitaka kaskazi, chagua aina ya tungule ndogo ndogo, ziwe kwenye ndoo, na kuanzia saa saba mchana zihamie kivulini. Kotmiri hukimbilia kutoa maua. Pasua mbegu zake katikati, ziroweke usiku mmoja, panda kidogo kila wiki chini ya kivuli cha makuti, na kata ikifika wiki nne. Miaka hii Ramadhani inaangukia kaskazi au ukingoni mwake, na kotmiri ya futari inayokatwa uani inastahiki taabu hiyo.

Bamia, kunde na mchicha ndizo za kuwekea matumaini. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu hadi nne, bamia karibu miezi miwili. Kwa hiyo bamia ya kula Januari ipandwe mapema Novemba, mvua za vuli ziipeleke mizizi chini kabla upepo haujageuka.

## Kwa hali yako

Una udongo wa kuchimbika na dumu moja tu: chimba jaruba moja la mita 3, si mawili. Jaruba moja lenye maji ya kutosha linakupa mboga. Mawili yenye maji ya nusu yatakufa yote.

Uko kwenye maweni na maji si tatizo kubwa: viroba vitatu vya majani, na ndoo mbili tatu za bilingani na pilipili. Udongo nunua au omba mara moja, baada ya hapo utunze kwa kuongeza samadi.

Uko kwenye maweni na kisima kina chumvi: viroba vyenye spinachi, viwekwe pale panapodondokea maji ya paa ili mvua za mwisho za vuli zikioshe kila kimoja. Maharage yaache mpaka masika.

Unakaa ghorofani: ndoo, zilizotobolewa ubavuni, upande unaopata jua la asubuhi. Ukiwa na roshani ya magharibi peke yake, ning'iniza kuti moja mbele yake kuanzia adhuhuri.

Umri umekwenda au mgongo unauma: acha jaruba. Kiroba kinakufika kiunoni ukikiweka juu ya matofali, na kopo la lita 3 linabebeka.

Unasafiri siku kadhaa na nyumbani hapabaki mtu: katika hizi tatu ni jaruba kwenye udongo mzito, chini ya matandazo ya sentimita 7, ndilo linaloweza kukungojea siku tatu nne. Kiroba hakifiki siku ya tatu. Ndoo huanza kunyauka alaasiri ya kesho yake, kwa hiyo kabla ya kuondoka zikusanye kivulini na umpe jirani dumu lililojaa.